Mwindaji Anayepita Utosini

Mwishoni mwa Januari, kati ya saa tatu na saa nne za usiku, mvua ikiwa imekata na anga limetakata, nyota kali yenye weupe wa kibuluu hupita karibu kabisa na utosi wa mtu aliyesimama ufukweni Mbamba Bay, kando ya Ziwa Nyasa. Inaitwa Rigel, nayo ni mguu wa mwindaji. Kaskazini yake kidogo ziko nyota tatu zilizojipanga sawasawa, ndio mkanda wake, na mbele zaidi upande huohuo liko bega lake, Betelgeuse, nyota nyekundu. Anayegeukia kaskazini anamwona mwindaji amepinduka, kichwa chini miguu juu. Wagiriki wa kale, ambao walimwita Orion, hawakumwona hivyo. Kwao Athens mkanda wake ukifika juu kabisa huwa umevuka kidogo tu nusu ya njia kutoka upeo wa macho hadi utosini. Helsinki, Ufini, haufiki hata huko. Huishia kwenye theluthi. Kwetu Nyasa, mguu wa Orion hupungukiwa digrii tatu tu kugusa utosi.

Vipimo hivi nimeviweka mbele kwa sababu vinabadilisha namna ya kuusikiliza muziki nitakaouzungumzia katika sura hii. Muziki huo ni Orion, kazi ya okestra kubwa iliyotungwa na mwanamke wa Kifini, Kaija Saariaho, na kupigwa kwa mara ya kwanza Januari 2003 na okestra ya mji wa Cleveland, Marekani, chini ya mwongozaji Franz Welser-Möst. Inachukua zaidi kidogo ya dakika 20. Ni muziki wa watu wa mbali, juu ya hadithi ya watu wa mbali zaidi. Hata hivyo naamini kwa moyo wangu wote kwamba msikilizaji wa Mbinga, Liuli au Lituhi ana mlango wake wa kuingilia humo, na si mlango wa uani.

Saariaho alizaliwa Helsinki mwaka 1952. Alisoma utunzi kwao, kisha Freiburg, Ujerumani, na mwaka 1982 akaenda Paris kufanya kazi katika IRCAM, kituo kinachochunguza sauti kwa kutumia kompyuta. Akabaki Paris mpaka alipofariki, tarehe 2 Juni 2023. Opera yake L'Amour de loin, iliyoanza Salzburg mwaka 2000, ilipofika Metropolitan Opera ya New York mwaka 2016, ilikuwa opera ya pili tu iliyotungwa na mwanamke kupigwa katika jumba lile. Ya kwanza ilikuwa ya Ethel Smyth, mwaka 1903. Miaka mia na zaidi kati ya mwanamke mmoja na mwingine! Mwaka 2019 jarida la BBC Music Magazine liliwauliza watunzi wenzake ni nani waliokuwa wakubwa kuliko wote, na kati ya waliokuwa hai yeye ndiye aliyeshika nafasi ya juu kabisa.

Alichokipata kwenye kompyuta za Paris kinatuhusu. Kompyuta ilimwezesha kufungua sauti moja na kutazama kilichomo ndani: pumzi, mkwaruzo, na zile sauti ndogondogo za juu zinazotembea pamoja na sauti kuu. Mpiga fidla anayesugua upinde karibu na kigongo cha nyuzi hutoa sauti yenye mikwaruzo. Akiurudisha mahali pake sauti inasafika. Mpiga filimbi anaweza kutoa nota safi, au nota iliyojaa pumzi, au pumzi tupu. Watunzi wengi wa Ulaya kabla yake waliuona mkwaruzo kuwa ni dosari ya mpigaji. Saariaho aliufanya uwe ncha moja ya kamba, sauti safi ikiwa ncha ya pili, na muziki wake ukawa unasafiri kati ya ncha hizo. Jambo hili nitalirudia tutakapofika kwenye vibuyu.

Hadithi yenyewe ya Orion ina matoleo mengi, na hayapatani. Wengi husema alikuwa mwana wa Poseidon, bwana wa bahari, na baba yake alimpa uwezo wa kutembea juu ya maji. Alikuwa jitu, mzuri wa sura, mwindaji hodari. Katika kisiwa cha Chios alimtaka binti wa mfalme Oinopion, akamvunjia heshima, na mfalme akamlevya kwa mvinyo kisha akampofusha. Orion akampakia mabegani kijana mmoja aitwaye Kedalion awe macho yake, akamwambia amwelekeze kunakochomoza jua, akatembea mpaka miale ikamgusa usoni akaona tena. Baadaye aliwinda Krete pamoja na mungu wa kike Artemis, na huko ulimi ukamponza: alijigamba kwamba hakuna mnyama duniani asiyeweza kumwua. Dunia ikaudhika, ikatoa nge. Nge akamwuma akafa. Zeus akamweka angani, na nge naye akawekwa angani, ila pande mbili zilizopeana mgongo, mmoja akichomoza mwingine awe anatua. Mbele ya Orion lipo kundi dogo la nyota, mabinti saba wa Atlas waliokuwa wakimkimbia duniani, na mpaka leo anawafukuza bila kuwafikia. Wagiriki huwaita Pleiades. Sisi tunaliita kundi hilo kilimia.

Mtunzi mwingine angesimulia visa hivi kwa muziki, hapa nge anauma, pale jua linachomoza. Saariaho hakufanya hivyo. Kilichomvuta ni kwamba kiumbe mmoja ana hali mbili: mwanadamu anayekimbia, anayetamani na anayekufa, na kundi la nyota lisilojongea. Muziki wote umejengwa juu ya mvutano huo kati ya mwendo na utulivu. Umegawanyika sehemu tatu.

Ya kwanza ina jina la Kilatini, Memento mori, yaani kumbuka kwamba utakufa. Inaanza chinichini, nota fupi zikijirudia, na juu yake nyuzi zinaanza kutandaza sauti ndefu. Hakuna wimbo wa kushika na kuondoka nao. Unachokifuata ni unene: tabaka inaongezwa juu ya tabaka, shaba zinaingia, ngoma zinaingia, mpaka okestra nzima, na kinanda cha mabomba nyuma yake, inafika kwenye sauti nzito unayoisikia kifuani kabla hujaisikia masikioni. Kisha inashuka. Mtu aliyezoea kwaya zetu za kanisani, zenye sauti nne na kiitikio, atapata shida kidogo hapa, maana hakuna kiitikio. Ushauri wangu ni asitafute. Asikilize namna sauti moja inavyogeuka kuwa nyingine bila kuona mshono.

Ya pili ndiyo moyo wa kazi hii. Saariaho aliiita Winter Sky, anga la majira ya baridi. Pikolo, filimbi ndogo kuliko zote katika okestra, inaanza peke yake, juu sana, kwa nota chache zinazoteremka. Baadaye fidla moja inapokea, kisha klarineti, kisha tarumbeta iliyozibwa mdomo, kila moja kwa zamu, kila moja peke yake. Chini yao okestra imetandaza sauti zisizokwenda popote. Kila chombo kinachotokeza kinasikika kikiwa mbali na chenzake. Hapo mkimbiaji amekwisha kuwa nyota. Mtunzi mwenyewe aliipenda sehemu hii kiasi cha kuirudia mwaka 2013 na kuiandika upya kwa okestra ndogo zaidi, kwa jina la Kifaransa Ciel d'hiver, na siku hizi huenda hupigwa mara nyingi kuliko kazi nzima.

Ya tatu ni Hunter, mwindaji mwenyewe, damu ikiwa bado inachemka. Nota zinakimbia bila kupumzika, shaba zinakata, vyombo vya kugonga vinasukuma, kila kundi linamfukuzia mwenzake. Ndiyo sehemu rahisi kuipenda kwa mara ya kwanza. Nguvu hiyo haifiki kwenye kishindo cha ushindi. Inapungua, inapanda juu, inayeyuka. Namsifu sana mtunzi kwa uamuzi huo. Mwindaji ambaye hajawafikia anaowafukuza hapaswi kupigiwa matarumbeta ya ushindi.

Sasa nirudi kwenye anga la majira ya baridi. Kwa mtu wa Helsinki jina hilo halihitaji maelezo. Desemba jua linaonekana kwa saa sita hivi, theluji imetanda, na usiku mrefu Orion anatembea chini chini upande wa kusini. Ubaridi wa muziki ule, umbali wa pikolo na fidla, umetoka huko. Mbinga mambo ni kinyume. Orion anapochomoza jioni nyuma ya milima ya Umatengo ni Desemba, mvua zimeanza, mahindi yanapandwa. Baridi yetu, ile inayowafanya wachumaji wa kahawa waingie shambani asubuhi na makoti, ni ya Juni na Julai. Wakati huo Orion amejificha kwenye mwanga wa jua au huchomoza alfajiri tu, na jioni hamwoni mtu. Anayetawala ni mwingine. Katikati ya Julai, karibu saa nne za usiku, kinachopita juu ya Mbinga, mkia wake umejikunja na moyo wake mwekundu, Antares, unawaka, ni Nge.

Hebu tulitafakari jambo hilo. Wagiriki walisema nge ndiye aliyemwua mwindaji na kwamba wawili hao hawakai pamoja angani. Kaskazini ya mbali, Nge haonekani vizuri. Helsinki hujikokota kwenye upeo wa macho katika usiku wa kiangazi ambao hauingii giza. Kwa hiyo msikilizaji wa huko, akisikia anga la majira ya baridi, humfikiria aliyeuawa. Wa kwetu, akiwa mkweli kwa anga lake, atamfikiria muuaji. Kazi ya Saariaho haiharibiki kwa hilo. Kwangu inaongezeka uzito, kwa sababu ile pikolo inayoteremka peke yake inaacha kuwa wimbo wa utulivu tu na inaanza kuwa na sumu ndani yake. Tangu nilipoanza kuisikiliza hivyo, katika rekodi ya Orchestre de Paris iliyotoka mwaka 2008 chini ya Christoph Eschenbach, sijaweza kurudi kwenye usikilizaji wa kwanza.

Kuna usiku mwingine wa kuusikilizia muziki huu. Aprili inapoelekea kwisha, saa tatu za usiku, Orion huwa ameinama magharibi, na magharibi yetu ni maji matupu. Nyota za mkanda wake huchomoza mashariki kamili na kutua magharibi kamili. Kwa hiyo aliyeketi mchangani Mbamba Bay anamwona akiukanyaga uso wa ziwa akielekea Malawi, na taa za wavuvi wa usipa zimetapakaa chini yake. Mwana wa Poseidon anatembea juu ya maji. Sijui mahali pengine ambapo sentensi hiyo ya hadithi inaonekana kwa macho waziwazi hivi.

Wala tusidhani kwamba Wagiriki walizitazama nyota hizi kwa mapambo ya hadithi tu. Hesiodo, mshairi aliyekuwa pia mkulima, aliyeishi yapata miaka 2,700 iliyopita, aliwaagiza watu waanze kuvuna Pleiades wanapochomoza na waanze kulima wanapotua. Waswahili wa pwani wamefanya hivyohivyo kwa karne nyingi: kilimia kikizama wakati wa jua huzuka wakati wa mvua, na kikizama wakati wa mvua huzuka wakati wa jua. Mkulima wa Boeotia, kwao Hesiodo, na wa Pangani wangeelewana mara moja juu ya jambo hilo, hata kama wasingeelewana juu ya Artemis.

Kule milimani Umatengo, Orion anapofika juu jioni, giza linapoingia, ni Februari na Machi. Ndiyo miezi ya ngolo. Nyasi zilizofyekwa hulazwa mistari ya miraba kwenye mteremko, udongo unachimbwa katikati ya kila mraba na kufunika nyasi zile, na kinachobaki ni mashimo mamia kwa mamia yanayoushika mlima wote, kila shimo likipokea maji yake ili yasishuke na udongo. Maharage hupandwa juu ya matuta. Wamatengo wamelima miteremko mikali kwa njia hii kwa zaidi ya karne moja bila milima kubaki mifupa. Ningemwomba mwanafunzi wa muziki aliyekulia huko aitazame ngolo kabla ya kuisikiliza sehemu ya kwanza ya Orion. Ile duru ya nota fupi inayojirudia, na ile sauti ndefu inayolazwa juu yake, ataielewa kwa haraka kuliko wengi waliosoma Paris.

Kwa kweli hadithi za Mediterania zilifika ufukwe wa ziwa letu kabla ya rekodi za santuri. Wajerumani walipofika Liuli waliliona jiwe kubwa majini, jiwe la Pomonda, wakaona linafanana na sanamu ya Sphinx, na bandari wakaiita Sphinxhafen. Waliyemfikiria ni wa Misri, yule simba mwenye kichwa cha mtu anayelala jangwani. Wagiriki nao walikuwa na Sphinx wao, wa kike, mwenye mabawa, aliyekaa nje ya mji wa Thebe akiwatega wapita njia kitendawili na kuwaua walioshindwa kukitegua, mpaka alipofika Oedipus. Wasomaji wa Kiswahili walimpata Oedipus katika Mfalme Edipode, tafsiri ya Samuel Mushi ya tamthilia ya Sophocles, iliyotoka mwaka 1971. Wenyeji wa Liuli wana simulizi zao za Pomonda, za watu waliojificha humo nyakati za vita. Jina la Wajerumani limefutika. Jiwe bado ni Pomonda.

Bandari hiyohiyo iliingia katika historia ya dunia mwezi Agosti 1914. Meli ya Kijerumani Hermann von Wissmann ilikuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo, na nahodha wake, Berndt, hakuwa na habari kwamba vita vimeanza Ulaya. Meli ya Kiingereza Gwendolen, chini ya Rhoades, aliyefahamiana naye vizuri, ikatokea na kuipiga mizinga. Hilo huhesabiwa miongoni mwa mapambano ya kwanza kabisa ya majini ya Vita Kuu ya Kwanza. Kwa watu wa kando ya ziwa vita hivyo vilikuwa miaka ya kuchukuliwa upagazi, njaa na maradhi. Vikaacha pia, bila kukusudia, okestra.

Okestra hiyo ni mganda.

Katika miaka ya 1890 huko pwani ya Kenya vijana walianza ngoma ya beni, wakiiga bendi za shaba za jeshi, vyeo, sare na gwaride. Askari na wapagazi wa vita wakaieneza bara. Mwanahistoria Terence Ranger ameifuata safari hiyo hatua kwa hatua katika kitabu chake cha mwaka 1975. Ilipofika Ziwa Nyasa haikukuta matarumbeta. Ikakuta vibuyu. Pande zote za ziwa, Tanzania, Malawi na Msumbiji, wanaume walitengeneza upya bendi ya shaba kwa mimea ya shambani. Kaskazini ya Malawi ngoma hiyo hujulikana zaidi kwa jina la malipenga, na kila kikundi huitwa boma.

Ukikishika kibuyu cha mganda mkononi utashangaa jinsi kilivyo chepesi. Kimekatwa mdomo, na ubavuni kina tundu dogo lililozibwa kwa utando wa buibui, ule mweupe mgumu kidogo unaofunika mayai yake, unaobandikwa kwa uangalifu mkubwa kwa sababu ukipasuka chombo kimekufa. Mchezaji hapulizi. Anaimba ndani yake, uu, uu, na utando unatetemeka na kuivisha sauti ya mtu mngurumo wa shaba. Vibuyu vidogo hubeba sauti za juu, vya kati hujaza, vikubwa hunguruma chini, kwa hiyo kikundi kizima kina mpangilio wa sauti uleule wa safu ya shaba katika okestra. Ngoma kubwa inashika mwendo, ndogo zinaujibu. Wachezaji wamevaa kaptura na soksi ndefu zilizovutwa hadi magotini, wamesimama kwa mistari, na kiongozi akipuliza filimbi mstari mzima unageuka kwa pamoja, mguu mmoja umeinuliwa, haushuki mpaka aruhusu. Wanawake wana ngoma yao ya kihoda, na nidhamu yake haipungui.

Baadhi ya wageni walioandika juu ya ngoma hizi waliziona kuwa ni mzaha wa watawaliwa juu ya watawala, au kuiga tu. Sikubaliani nao. Aliyeiga tu angesubiri apate tarumbeta. Hawa walielewa kwamba bendi ya shaba ni mpangilio wa sauti nene na nyembamba, za mbele na za nyuma, na mtu akishaelewa mpangilio anaweza kuujenga kwa chochote. Na walichagua kuweka mngurumo. Utando wa buibui haukuwekwa kwa kukosa chombo bora. Umewekwa kwa sababu sauti isiyo na mtetemo huo ingekuwa tupu. Hiyo ndiyo kamba ileile ya Saariaho, sauti safi ncha moja na mkwaruzo ncha nyingine, ila hapa watu waliishika mapema, bila kompyuta.

Mfano wa daraja kati ya okestra na ngoma upo tayari. Iannis Xenakis, mtunzi wa Kigiriki aliyepoteza jicho la kushoto katika mapigano ya Athens na kukimbilia Ufaransa, alitunga Pléïades mwaka 1978 kwa wapigaji sita wa vyombo vya kugonga, kundi la Percussions de Strasbourg. Sehemu moja ni ya vyuma, nyingine ya marimba na ndugu zake, nyingine ya ngozi tupu. Ile ya ngozi inapigwa kwa ngoma peke yake, wapigaji wakianza pamoja kisha kila mmoja akiuvuta mwendo kidogo mpaka wanaachana na kuwa wingu zima la mapigo, halafu wanakutana tena. Kilimia kimegeuzwa ngoma. Mpiga ngoma yeyote wa mganda akiisikia atajua papo hapo nani amechelewa kwa makusudi.

Kwa hiyo vipande vyote vipo. Hadithi ipo, na anga lake liko juu yetu kuliko lilivyo juu ya walioitunga. Okestra ya vibuyu ipo. Kwaya za Mbinga zinasoma nota na zina wapiga kinanda. Ninachokitamani ni kazi moja ndefu inayoanzia Julai, usiku wa Nge, ikamtaja mwindaji kwa kutokuwapo kwake, kisha imlete Desemba kutoka nyuma ya milima pamoja na mvua, na impeleke majini Aprili. Iandikwe kwa nyuzi za okestra na vibuyu vya mganda pamoja.

Najua swali la kwanza la mwanamuziki wa okestra litakuwa la ulinganifu wa sauti. Fidla na tarumbeta hulinganishwa na obo kabla ya onyesho, wote wakiifuata nota moja ya mitetemo 440 hivi kwa sekunde. Kibuyu hakina nota iliyofungwa ndani yake. Nota iko kooni mwa anayeimba. Akiisikia obo mara moja anaweza kukaa juu yake, robo ya nota chini yake, au kuteleza polepole kati ya hizo mbili, jambo ambalo mpiga klarineti hulifanyia mazoezi ya miaka. Kwa muziki wa namna ya Saariaho, vibuyu ishirini vikisimama nyuma ya fidla vingempa mtunzi mkwaruzo wote anaouhitaji, na bado viwe vinaimba. Kigumu ni ukimya wa mahesabu marefu, ile hali ya kukaa kimya vipimo sitini huku wengine wakicheza, maana katika mganda hakuna anayekaa. Hilo linafundishika kwa wiki chache, pakiwa na mwongozaji mvumilivu, na mazoezi yakifanyika Mbamba Bay. Barabara ya lami kutoka Mbinga ni kilomita 66, na wapiga fidla wanaweza kuteremka.